Ukurasa wa Mashua ya Kilwa

Mashua ya abiria kutoka kisiwa cha Kilwa, ndani ya ziwa Mweru, ilizama asubuhi, upepo ulipogeuka ghafla. Kufikia saa sita habari zilikuwa zimeshafika Kitwe na Lubumbashi, ingawa pale Nchelenge penyewe, bandari ya Zambia ilikokuwa ikienda, hakuna aliyejua nani kapona na nani hakupona. Waliokuwa karibu walikimbilia bandarini. Waliokuwa mbali walishika simu na kuiuliza Google yale yaliyowajaa moyoni: mashua Kilwa, ajali ziwa Mweru, majina ya waliozama.

Google haikuwa na jibu. Kitu pekee ilichokuwa nacho chenye maneno "mashua", "Kilwa" na "Nchelenge" mahali pamoja kilikuwa ukurasa wa bima ya mashua na injini, ulioandikwa na msichana mmoja wa ofisi ya bima, Orpha. Basi watu wakaangukia hapo. Orpha alikuwa amekaa ofisini anakunywa chai aliposikia kompyuta ikilia, kisha ikalia tena, na tena. Kisanduku cha maswali, ambacho kwa kawaida kiliulizwa bei, sasa kiliulizwa mambo mengine kabisa.

"Mama yangu alikuwa mu ile mashua. Iko mzima?"

"Tafadhali, Chanda Mwape, mwalimu, mumeona jina lake?"

Orpha aliweka kikombe chini.

Ofisi hiyo ilikuwa ya Gauthier, mkuu wa mawakala wa bima katika ukanda wote wa ziwa, kuanzia Nchelenge hadi kule Mununga. Mawakala wake walizunguka kwa pikipiki na baiskeli wakiuza bima za mazishi, za mashua na za injini. Kazi ya Orpha ilikuwa kuhakikisha kwamba yeyote katika ukanda huo akiuliza jambo la bima kwenye simu, ukurasa wa Gauthier ndio unaotokea juu kabisa. Wenye elimu ya kompyuta huiita kazi hiyo SEO. Orpha aliijua vizuri, na aliipenda. Alijua mvuvi haandiki "bima ya mali". Anaandika "injini yangu imeibwa nifanye nini". Alijua mjane haandiki "bima ya maisha". Anaandika "nani atanisaidia sanduku". Basi akaandika kurasa zinazojibu maswali hayo, kwa Kibemba, kwa Kiswahili cha sokoni na kwa Kiingereza, na aliyesoma akaridhika aliacha jina na namba yake ya simu. Mawakala waliita kitu hicho "jina". Wakala akiingia asubuhi swali lake la kwanza lilikuwa: "Leo kuna majina?"

Gauthier ndiye aliyemtoa Orpha kambini. Yeye mwenyewe alikuwa Mkongo wa Pweto, alivuka ziwa zamani, katika vita vya mwanzo vya Kongo, akaoa Nchelenge na akapata heshima. Orpha alikimbia vita na kuvuka mwaka wa 2017, akafikia kambi ya Kenani pamoja na maelfu ya wengine, halafu Mantapala, ambako alilima mihogo na kuuza sabuni. Gauthier aliposikia kuna msichana aliyesoma informatiki, elimu ya kompyuta, Lubumbashi, alikwenda mwenyewe na gari lake, akaweka sahihi kwenye karatasi za kumruhusu aishi na kufanya kazi mjini. Orpha hakuwa amesahau. Ofisini alimwita Patron, yaani bosi, kanisani alimwita Papa, na hakuwahi kumjibu kwa sauti ya juu.

Siku hiyo Gauthier aliingia huku akipangusa jasho, akasimama nyuma ya kiti cha Orpha na kusoma maswali yaliyokuwa yakimiminika.

"Aksida ya mubaya," alisema mwishowe, kwa Kiswahili cha kwao Kongo, ambamo watu huitwa bantu. "Mungu abarehemu." Kisha akainama karibu na kioo. "Na hawa bote banatoka wapi?"

"Kila pahali, Patron. Kitwe, Mansa, Likasi. Banatafuta habari ya bandugu yao, banakuta ni ukurasa yetu tu."

"Basi fanya ukurasa ya pili. Leo hii. Andika kule juu: mashua ya Kilwa, majina ya bantu. Kila mutu anayetafuta akuye kwetu."

Orpha aligeuka. "Nitaandika, Patron. Lakini lazima nijue kwanza majina."

"Utayajua. Enda bandarini."

Orpha alidhani wameelewana. Akachukua begi lake na kushuka ziwani.

Bandarini alimkuta Olipa, wakala wa Mununga, Mzambia mnene mwenye sauti kubwa, aliyekuwa akiuza chisense, dagaa wa ziwa hilo, kabla ya kuuza bima. Olipa alikuwa amefunga chitenge kiunoni na alikuwa amelowa hadi magotini, kwa maana alikuwa akisaidia kupokea watu kutoka kwenye mitumbwi ya wavuvi. Orpha alipomweleza alichotaka kufanya, Olipa alimshika mkono bila kuuliza zaidi.

"Twende, ba Orpha. Hawa wavuvi mimi najua bote. Wewe uliza, mimi nitasema na bo Kibemba."

Wakazunguka. Walimwuliza kila mvuvi aliyeokoa mtu: umemtoa nani, umempeleka wapi? Wakapanda hospitalini Kashikishi, wakaomba ruhusa kwa muuguzi mkuu, naye akawatajia waliokubali kutajwa. Kwa waliofariki Orpha hakuandika jina hata moja kabla jamaa aliyepo hajaambiwa na kukubali. Jua lilipoanza kuinama alikuwa amerudi ofisini, akaandika ukurasa mfupi usio na pambo lolote: hawa wako hospitalini, hawa wako kwa wenyeji wao, hawa wamefariki, hawa bado wanatafutwa, na hii ni namba ya kamati ya bandarini inayosimamia uokoaji, ukitaka kuuliza. Aliuandika kwa lugha tatu. Juu kabisa aliweka maneno yaleyale ambayo watu walikuwa wakiyaandika, kama walivyoyaandika, na makosa yao ya herufi pia, ili wasipotee njiani.

Hakuweka pahali pa kuacha namba. Hakuweka neno bima.

Kesho yake ukurasa ule ulikuwa juu ya kila kitu. Wachungaji waliusambaza kwenye WhatsApp za makanisa yao, redio ya wilaya ikausoma hewani, na mtu mmoja wa Likasi aliandika akishukuru kwamba amemwona dada yake kati ya waliopona. Orpha aliusoma ujumbe huo akiwa amesimama, akaketi, akausoma tena. Kule Kenani, zamani ile, mwanamume mmoja alimwambia amemwona mama yake katika mtumbwi mwingine, na kwa habari hiyo akamchukulia simu yake. Mama hakuwa ameonekana popote. Hajaonekana hadi leo. Orpha alijua jinsi mtu anayetafuta habari za ndugu yake anavyokuwa: atamwamini yeyote, atatoa chochote, hataangalia anaweka sahihi wapi.

Gauthier aliingia akicheka.

"Mutoto yangu, umeona? Hatujapata hata siku moja bantu wengi namna hii! Sasa weka formulera."

"Formulera gani, Patron?"

"Ya majina. Kule juu, na rangi nyekundu. Andika: 'Acha namba yako upate habari ya ndugu yako.' Bakiacha namba, mawakala bataita, bataongea nabo. Kila mutu pale iko na kifo mu nyumba, ao iko na woga ya kifo. Hakuna siku nyingine mutu atasikiliza mambo ya mazishi vizuri sawa leo."

Orpha aliondoa mikono yake kwenye kompyuta na kuiweka mapajani.

"Patron, hapana."

Gauthier alidhani hakusikia vizuri. "Unasema?"

"Ile ukurasa, mutu anakuya kuuliza kama mutoto wake iko mzima. Akiacha namba anangoja habari ya mutoto. Tukimuita juu ya bima, juu ya asiransi, tumemudanganya."

"Kumudanganya wapi? Habari atapata. Na asiransi atasikia. Yote mbili." Gauthier alivuta kiti, akaketi, akalainisha sauti. Hakuwa mtu mkali. "Sikiliza, mama. Umeona jana maiti beko pale chini, bamefunikwa na matenti? Bamama banazunguka kuomba mbao ya sanduku. Kama tungekuwa tumefika kwabo mbele ya ile aksida, leo bangezika bantu yao na heshima. Ile ni kazi ya mubaya? Mi naona ni kazi ya Mungu."

Neno hilo lilimgusa Orpha, kwa kuwa lilikuwa na ukweli ndani yake. Yeye mwenyewe alikuwa amewaona wale kina mama.

"Ni kazi ya muzuri," alisema. "Mbele ya aksida. Na kisha matanga kuisha. Lakini haiko pale katikati, Patron. Mutu mwenye analia haweze kuchagula."

"Nani amekufundisha kunipangia kazi yangu?"

"Hakuna mutu."

"Nani alikusainia karatasi?"

Orpha alimtazama usoni. Swali hilo alikuwa amelingoja tangu aliposema hapana, na sasa lilipofika aliona kwamba haliumi kama alivyoogopa.

"Ni weye, Patron. Na kila siku nashukuru. Lakini karatasi ulinisainia nifanye kazi. Haukunisainia nidanganye bantu bamefiwa. Kama unataka kunirudisha Mantapala, nirudishe. Mihogo najua kulima. Ile formulera, mi shitaiweka."

Katika miaka yote hiyo hakuwa amewahi kusema naye hivyo. Gauthier alisimama, akaichukua kompyuta, akaifunga kwa kishindo na kuibana kwapani.

"Toka," alisema. "Enda upumzike kwako. Mi nitafanya miye mwenyewe."

Na kweli alifanya. Jioni Orpha aliufungua ukurasa kwa simu yake na kuliona kasha jekundu limekaa juu ya majina, limewafunika waliopona na wasiopona. Ili ujue kilicho chini yake, ilibidi uandike namba yako na kungoja kupigiwa simu.

Usingizi ulimjia kwa shida, na kulipokucha aliona hawezi kukaa tu chumbani. Alivaa kitenge chake cha kanisani na kwenda ofisini. Alijua ni siku ya mkutano wa mawakala. Aliwakuta wameketi kwenye mabenchi barazani, Gauthier mbele yao akiwa ameshika karatasi zilizochapishwa, anawagawia majina. Yalikuwa mengi kuliko walivyowahi kuona. Wakala mmoja kijana, Blessings, alikuwa akiyapiga busu yaliyo yake.

Orpha alisimama kwenye ngazi. Hakuomba ruhusa ya kusema.

"Ba ndugu," alisema, "mbele hamujapiga simu, mujue mutakuta nani. Ile majina haiko ya bantu wanataka asiransi. Ni bandugu ya bale bantu ba mashua. Bameacha namba juu tumewaahidi habari."

"Orpha!" Gauthier alifoka. "Nilikuambia ubakie kwako."

"Nimesikia, Patron. Nikimaliza kusema nitaenda."

Mawakala waliangalia karatasi zao. Baadhi walikuwa wameshajua, ikaonekana usoni. Wengine walikuwa hawajui. Olipa alivaa miwani yake, akasoma mstari wa kwanza wa karatasi yake, akasoma wa pili.

"Huyu," alisema, "ni Eneless wa Mununga. Ameandika hapa: 'Mume wangu Given, shati ya bluu, amekwenda Kilwa kuchukua samaki, hajarudi.'" Alivua miwani. "Given mimi nilimuona. Ni mimi nilimushika mkono akitoka mu mtumbwi. Huyu mwanamke tangu juzi hajui?"

Olipa akatoa simu yake, akabonyeza namba palepale, akaiweka kwenye spika ili wote wasikie. Simu haikulia hata mara mbili.

"Halo? Halo?" Ilikuwa sauti ya mwanamke anayepumua kwa kasi. "Ni nyinyi ba habari?"

"Mama Eneless, ni Olipa hapa, mwenye alikuwa anauzisha chisense ku Mununga. Siuzi kitu leo. Given iko mzima. Iko hospitali ya Kashikishi, mukono umevunjika, lakini anakula, anaongea. Simu yake ilienda mu maji."

Kisha kilio kikatoka kwenye ile simu ndogo, na nyuma yake sauti za watu wengine waliokuwa wamemzunguka, na mmoja akapiga vigelegele. Barazani wakala mmoja mzee alifunika uso kwa kofia yake. Olipa aliendelea kushika simu mbele yake kama mtu aliyeshika kitu cha moto, machozi yanamtiririka na hayapangusi.

Alipokata, alimgeukia Gauthier.

"Ba Gauthier, mimi nitaita hawa bote wa Mununga. Mwenye najua habari yake nitamuambia. Mwenye sijui nitaenda kumutafutia. Inshuwalansi sitasema. Awe, mukwai, hapana. Kama ni kunifukuza, munifukuze."

Gauthier aliwatazama mmoja mmoja. Pengine kama angesema neno la upole wakati ule, mambo yangekwenda vingine. Lakini alikuwa mbele ya watu wake, na msichana aliyemtoa kambini alikuwa amesimama kwenye ngazi zake bila kuinamisha kichwa.

"Mwenye hataki kazi, njia ni ile," alisema.

Olipa akaikunja karatasi yake, akaitia kifuani, akashuka ngazi. Yule mzee mwenye kofia akamfuata. Wengine walibaki, kwa maana walikuwa na watoto wa kulisha, na Orpha hakuwalaumu. Hata hivyo alisikia baadaye kwamba wengi wao walipopiga simu walitoa habari tu, wakasahau kuuza. Blessings aliuza. Aliuza sana, siku mbili tatu, mpaka mwanamume mmoja wa Mansa aliyekuwa amemzika mkewe alipomrekodi akitaja punguzo kwa watu wa mashua. Sauti hiyo ilizunguka ziwa zima kwenye simu za watu. Baada ya hapo mtu akisikia ni ofisi ya Gauthier, alikata.

Orpha hakungoja mambo hayo. Siku ileile aliyofukuzwa alikaa na Olipa nyuma ya duka la dada yake Olipa, sokoni Kashikishi, akaandika ukurasa upya kwa simu, herufi moja moja, safari hii kwa jina la kamati ya bandarini, ambayo ilikubali mara moja. Hakuwa na kompyuta wala mawakala, ila alijua watu wanauliza nini na kwa maneno gani. Aliwaomba wachungaji wasambaze huu badala ya ule. Redio ikausoma huu. Mpaka wiki ile kuisha, aliyeuliza habari za mashua ya Kilwa alifika kwenye ukurasa wa kamati, na kasha jekundu la Gauthier lilikuwa limezama huko chini ambako hakuna anayesoma.

Bila udhamini wa Gauthier, karatasi za Orpha za kuishi mjini zilifutwa, kama alivyotarajia. Alirudi Mantapala. Alikwenda kwenye ofisi ya wakimbizi, akaambiwa arudi. Akarudi, akaambiwa angoje. Akakaa palepale kwenye benchi. Afisa alipomwuliza nani atamdhamini mjini, Orpha alijibu kwamba hataki tena mtu wa kumdhamini, anataka kibali cha kazi kwa jina lake mwenyewe. Afisa alicheka kwanza. Ilichukua msimu mzima wa mvua, barua ya kamati ya bandarini, na Olipa kuja mwenyewe na kupaza sauti yake uwanjani, lakini kibali kilitoka.

Sasa yeye na Olipa wanafanya kazi pamoja katika kijumba chenye bati jekundu, karibu na wauza nyavu. Wanauza bima ya kampuni nyingine. Kila mara msimu wa pepo unapokaribia, kabla maji hayajachafuka, Orpha anaandika kurasa mpya. Mmoja unafunguliwa kuliko zote: mtu akipotea ziwani na mwili usionekane, bima inalipa? Orpha amejibu bila kuficha. Ameandika ni mikataba ipi inalipa na ipi hailipi, inachukua muda gani, na ni swali gani umwulize wakala kabla ya kuweka sahihi. Mawakala wengi hawaupendi ukurasa huo.

Gauthier alikuja mwenyewe, mchana wa jua kali. Alikuwa amekonda. Orpha alisimama, akampa kiti na maji ya kunywa, akamsalimia kwa jina la Papa kama kanisani, na hakuwa akiigiza. Walizungumza kidogo habari za nyumbani, za Pweto, za nani amezaa. Kisha Gauthier akaweka glasi chini.

"Ile ukurasa yako ya maiti kupotea," alisema. "Kila mutu ninamufikia ananiuliza ile maswali yako. Banataka niwaonyeshe mistari ya mkataba, ya kontra. Unaniharibia kazi, mutoto yangu. Itoe. Nitakurudisha ku ofisi, nitakupatia bureau yako mwenyewe."

"Papa, kontra yako inalipa, mwili ikikosekana?"

Gauthier aliinamisha macho kwenye glasi.

"Basi ukurasa itabaki."

"Orpha, nilikutoa mu kambi."

"Ulinitoa. Na nilirudi, na nikatoka tena." Alisema hivyo kwa utulivu, wala hakugeuza macho. "Badilisha kontra, Papa. Ikibadilika, uniletee. Nitaandika kwamba yako inalipa, nitaiweka juu kabisa, bure. Lakini kutoa, shitoe."

Simu ililia ndani. Olipa alichungulia mlangoni akasema kuna mama wa Mofwe anauliza habari za mtumbwi wa mwanawe, anataka kuongea na yule mwenye kuandika. Orpha alimwomba Papa Gauthier amwie radhi, akaingia ndani, akaipokea simu.